Ungo wa Maharage Yaliyokwisha Kuchambuliwa

Katika mtaa wetu wa Butembo, mtu mzima akikaa mchana mbele ya nyumba yake bila kitu mikononi, watu wanadhani anaumwa. Jirani atapita na beseni la vitunguu kichwani, atasimama, atakutazama machoni, kisha ataulizia homa. Mwingine atauliza kama kuna msiba. Mwingine hatauliza kitu, ila atakwenda sokoni kumwambia mdogo wako kwamba dada yako leo amekaa tu. Watu wetu wanaamka kabla ya jua, na hata mvua ikinyesha utawaona wanapita na mizigo yao, plastiki kichwani, mguu mbele. Kwa hiyo mimi, ambaye kazi yangu inataka nikae na kutazama, nilijifunza mapema kukaa na ungo.

Ni ule ungo wa kupepetea, kwetu tunauita lungo. Niliuweka magotini, maharage ndani yake, na vidole vyangu vikapita kati ya maharage kana kwamba vinatafuta mawe. Maharage yale nilikuwa nimekwisha kuyachambua asubuhi, pengine jana yake. Mara mojamoja nilikuta jiwe dogo, nikashangaa lilivyoniponyoka, nikalitupa. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye bati lililoegemezwa ukutani mwa jiko, ambapo nilikuwa nimechora mkate, au cherehani, au kichwa cha mwanamume aliyenyolewa vizuri. Nilitazama kama ule mkate unatamanisha. Nilitazama kama yule mwanamume yuko hai.

"Maharage inaendelea?" mtu akaniuliza akipita.

"Inaendelea, mama."

Akaenda zake ameridhika, nami nikabaki kazini.

Mimi ni mchoraji wa vibao vya maduka. Sikusomea. Baba alitutoka kwanza, mama akamfuata, nami nilikuwa nimeanza tu sekondari, mkubwa wa watoto wanne. Mama alikuwa akiuza samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani, na baada ya mazishi beseni lake lilibaki uani, na samaki hawakuja tena. Nilirudisha vitabu vya shule, nikanawa mikono, nikapika. Hayo yote yalifanyika siku moja, na sikumbuki kama nililia. Nakumbuka kwamba jirani mmoja alikuwa anafungua duka la dawa, na alijua kwamba mwandiko wangu ni mzuri. Alinipa kopo la rangi nyekundu na brashi, akaniambia niandike neno "Dawa" mlangoni. Niliandika. Nilipomaliza niliona mahali pamebaki peupe chini ya neno, nikachora jani. Hakuna aliyeniomba lile jani. Kuanzia hapo watu wakaanza kuomba neno pamoja na jani.

Rangi ya mafuta haina haraka katika baridi yetu. Ukipaka leo, kesho bado inanata, na mvua ikishika inaweza kukaa siku kadhaa ikikucheka. Huwezi kuweka rangi ya pili juu ya ya kwanza iliyo mbichi, zitachanganyika ziwe matope. Kwa hiyo nilikuwa napaka kidogo, kisha naacha. Nafua nguo za wadogo zangu. Namsuka nywele mdogo wangu wa kike anayenifuata. Napalilia. Narudi, nagusa kwa ncha ya kidole, bado. Ndipo nilipokuwa nachukua ungo na kukaa. Miaka mingi niliona kwamba baridi ya Butembo inaniibia kazi. Nilisema, ningezaliwa mahali penye joto ningekuwa mchoraji mkubwa.

Kisha padri mmoja wa Beni akala samaki mjini kwetu.

Alikula katika mgahawa ambao kibao chake nilikichora mimi: tilapia mzima juu ya sahani, na limau pembeni. Akauliza ni nani aliyekichora, akaelekezwa, akaja mpaka kwetu. Nilikuwa nimekaa mlangoni na ungo wangu.

"Ni wewe unachoraka ile samaki?"

"Ni mimi, padri."

"Ile samaki inaniangaliaka kila mara napita. Nimekula pale mara mingi sababu ya macho yake."

"Na chakula yenyewe, padri?"

"Chakula, tuache."

Tulicheka wote wawili. Kisha akaniambia shida yake. Huko Beni walikuwa wamemaliza kujenga kanisa dogo la mtaa, na ukuta wa nyuma ya altare ulikuwa mtupu. Akina mama wa kanisa walitaka hapo pachorwe Yesu na wavuvi, siku nyavu zilipojaa samaki mpaka mitumbwi ikataka kuzama. Nilimwuliza ni maneno gani yataandikwa, maana bei ya kibao kwetu inaanzia kwenye maneno.

"Hakuna maneno," alisema. "Picha tu. Ukuta muzima."

Mtu ambaye hajawahi kuandika "Saluni" na "Tunauza makaa" miaka yote hataelewa jinsi jibu lile lilivyonipiga. Wadogo zangu walikuwa wamekwisha kukua. Yule wa kike alikuwa fundi wa kushona mwenye cherehani yake na mume wake. Wavulana walikuwa wanajitegemea, mmoja Lubero kwenye viazi, na yule wa mwisho, tunayemwita kadogo wetu, hapohapo Butembo. Hakuna aliyekuwa ananisubiri nipike. Nilitaka ukuta ule. Nilitaka kiwepo mahali fulani kitu nilichochora ambacho hakiuzi chochote.

Lakini nilipofika Beni, rais wa kamati ya kanisa, mzee mwenye depo ya mbao, alinipeleka kwanza sakristia, chumba ambamo padri anavalia. Pembeni palikuwa na ndoo ya rangi nyeupe, haijafunguliwa.

"Mutoto wangu," alisema, "padri anakuamini, miye bado sikujui. Askofu anakuja kubariki kanisa. Ukuta ikikuwa mubaya, tutapitisha hii nyeupe juu yake, mambo itaisha. Usikasirike. Nakuambia mbele."

Sikukasirika. Mtu anayesema mapema ni bora. Lakini kuanzia siku ile, kila nilipoingia sakristia kuchukua brashi zangu, ndoo ile ilikuwepo.

Walinipa chumba kwa mjane mmoja aliyekaa nyuma ya kanisa, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ambaye ndiye aliyekuwa anapika siku za kazi za kanisa. Vijana wa kwaya waliokuwa wanatengeneza mabenchi walifurahi sana kuona mwanamke juu ya ngazi.

"Mama, shuka tukuonyeshe vile banapandaka!"

"Panda wewe," niliwajibu, "na uchore jicho ya samaki, tuone."

Hawakupanda. Baada ya muda wakawa wananishikia ngazi.

Beni kuna joto. Siku ya kwanza nilipaka maji ya ziwa, bluu nzito chini na nyepesi juu, nikaenda kula. Niliporudi nikagusa kwa kidole kwa mazoea tu. Kidole kilirudi kisafi. Nilisimama pale nikitazama kidole changu kama mtu aliyeokota kitu. Hakuna kungoja! Niliweka rangi ya pili saa ileile. Kesho yake mitumbwi ikawa imekaa juu ya maji. Kisha nyavu, kisha samaki, ambao kwangu ni kama kuandika jina langu, kisha wavuvi, migongo yao imepinda kwa uzito. Yesu nilimchora amesimama majini mpaka magotini, suruali imekunjwa, anasaidia kuvuta. Padri alipoona ile suruali alicheka mpaka akakohoa, lakini hakusema niitoe.

Kazi ilikuwa inakwenda mbio kuliko nilivyowahi kuona. Nilikuwa naanza kukipambazuka na kuacha giza likinitoa. Nilikula nimesimama, sahani juu ya ngazi.

"Unakula sawa askari iko ku barrière ya barabara," mjane aliniambia. "Fufu haitakimbia. Kaa."

"Nitakaa nikimaliza, mama."

Kisha nikafika kwa wanawake.

Chini ya picha, karibu kabisa na mahali watu wanapopokea komunyo, nilitaka kuchora ufuko, na wanawake wanaosubiri samaki. Katika habari ile hawatajwi, lakini mimi nimezaliwa na mwanamke wa samaki, na najua kwamba mtumbwi haufiki popote bila wanawake wenye mabeseni. Nilichora watano. Nilipaka nyuso zao, rangi ikakauka, nikatazama, hazikuwa nzuri. Nikapaka juu yake. Zikakauka. Nikapaka tena. Mmoja nilimfungulia mdomo kama anaimba, nikaufunga. Mwingine nilimwinulia mikono, nikaishusha. Rangi ilikuwa inakubali kila kitu, haikunizuia hata mara moja, mpaka mahali pale pakawa na unene kama ganda la mti, na mkono wangu wa kulia ukaanza kuuma kwenye kifundo. Asubuhi sikuweza kukunja vidole mpaka niviloweke katika maji ya moto.

Mjane aliingia kufagia. Alisimama mbele ya ukuta, mkono kiunoni.

"Mitumbwi ni muzuri," alisema. "Samaki, nasikia hata harufu. Lakini hawa, ni bamama ao ni nguzo? Miye naona tu vikwembe imesimama."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikatazama. Vilikuwa kweli vikwembe vitano, vitenge tupu vilivyosimama, na ndani yake hamna mtu. Na askofu alikuwa amekaribia kuja.

Jioni ile mdogo wangu wa kike alinipigia simu.

"Yaya, ukuta inaendelea?" aliuliza. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Inaendelea."

"Sauti yako iko ya uongo. Unakaaka?"

"Kukaa wapi? Huku rangi inakauka mbio, hakuna kungojea."

Nikasikia anacheka chini kwa chini, kile kicheko chake cha tangu utotoni, cha kuziba mdomo.

"Na maharage?"

"Maharage gani?"

"Yaya. Tangu niko mutoto naona unachambua maharage ile ile. Ulidhani hatuone? Tulikuwa tunajua sisi bote. Tulikuwa tunaambia bajirani: muache yaya, iko na maharage."

Nilisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Hata kadogo wetu," aliendelea, "alikuwa anakuhurumia. Anakwenda anaokota kajiwe, anakaweka mule ndani, anasema: yaya asitafute bure."

Nilikaa juu ya kitanda cha mjane na simu sikioni. Yale mawe! Miaka yote ile nilikuwa nashangaa jinsi yalivyoniponyoka. Nilikuwa nadhani mimi ndiye niliyekuwa nawalinda, kumbe watoto wale, nyuma yangu, walikuwa wanalinda saa yangu ya kukaa.

"Lungo uliacha huku," mdogo wangu alisema. "Nakutumia."

Nilidhani ni mzaha. Lakini gari lililokuwa linaleta viazi vya Lubero lilisimama mbele ya kanisa, na kijana wa gari akashusha kitu kimefungwa ndani ya kikwembe cha mdogo wangu. Ulikuwa ungo wangu, na mfuko wa maharage. Mjane alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Butembo banakutumia lungo? Beni hatuna lungo?"

"Hii ni ya kazi, mama."

"Kazi gani? Unachora na lungo?"

Ilinibidi nimweleze. Nilieleza vibaya, kwa aibu, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa siri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akashika mlango. "Batu ya Butembo!" alisema. "Hata kupumzika, mpaka ikuwe na mushahara." Lakini alikwenda ndani, akaleta ungo wake mwenyewe, na mchana ule tuliingia kanisani sisi wawili, tukakaa kwenye benchi la mbele, mbele ya ukuta.

Mwanzoni nilikaa kama mtu aliyekalia siafu. Kila kitu kiliniita. Rangi ilikuwa kavu, mwanga ulikuwa mzuri, brashi zilikuwa safi, na mlango wa sakristia ulikuwa wazi kidogo, kiasi cha kuona mpini wa ile ndoo. Mjane hakusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi kubwa. Vidole vyangu vilizunguka katika maharage. Yalikuwa safi kabisa, mdogo wangu alikuwa ameyachambua kabla ya kuyatuma. Nilizunguka, nikazunguka. Halafu ncha ya kidole ikagusa kitu kigumu.

Jiwe. Dogo, jeupe, limeoshwa. Mahali pake palikuwa katikati kabisa ya ungo.

Nilicheka peke yangu, na nilipomaliza kucheka mabega yangu yalikuwa yameshuka. Tulibaki pale mpaka kivuli cha dirisha kikatambaa hadi kwenye altare. Kesho yake mchana tulikaa tena. Na siku ile ya pili, nikiwa sitafuti kitu, nilimwona mama.

Nilikuwa mdogo, shule zimefungwa, na mama alikuwa amenichukua hadi Kyavinyonge kununua samaki. Tulikuwa ufukoni asubuhi. Kulikuwa na ukungu juu ya ziwa, ndege korongo wakubwa wanatembea kati ya watu kama wenye mali, na wanawake wengi wanazungumza, wanagombana juu ya nani atakuwa wa kwanza. Mama aligeuza beseni lake chini juu, akakaa juu yake. Aliweka mikono mapajani, viganja vimetazama juu, wazi, kama mtu aliyenawa na anangoja vikauke. Alitazama majini. Mimi sikuwa nimewahi kumwona mama amekaa bila kitu mikononi. Niliogopa. Nilimwuliza, "Mama, uko mugonjwa?"

"Hapana," alisema. "Mitumbwi bado. Kaa."

Akasogea kidogo juu ya beseni, nami nikakaa.

Ni hayo tu. Hakuna jambo lingine lililotokea. Lakini kwa miaka yote tangu alipokufa, kila nilipomkumbuka nilikuwa namkumbuka anatembea, beseni kichwani, mgongo wake ukienda mbele yangu njiani. Uso wake nilikuwa nadhani nimeusahau. Uso wake ulikuwa pale ufukoni, umetulia, na mimi sikuwahi kukaa vya kutosha ili unifikie.

Niliingia sakristia, nikachukua kisu na mafuta ya petroli, nikayakwangua yale maganda yote mpaka kwenye lipu. Mjane alishika kichwa. "Yesu! Askofu anakuja, na weye unatoboa ukuta!" Lakini aliniletea vitambaa vya kufutia.

Nilichora ufuko upya. Wanawake wanne wamesimama kwa mbali kidogo, wanaonyeshana nyavu, wanagombana. Katikati, karibu na watu, nikachora beseni limegeuzwa, na mwanamke amekaa juu yake upande mmoja, mikono wazi mapajani, anatazama maji. Nilifanya kazi asubuhi tu. Mchana nilikaa kwenye benchi, ijapokuwa rangi ilikuwa imekwisha kukauka. Nilijifanya kana kwamba niko Butembo na mvua inanyesha. Na kila mchana niliona kitu kimoja ambacho asubuhi nisingekiona: kwamba shingo imekaza mno, kwamba kivuli cha beseni kinaanguka upande mbaya. Kesho yake nilikirekebisha hicho kimoja, basi. Kifundo cha mkono kiliacha kuuma bila mimi kujua siku gani.

Kamati ilikuja kuangalia kabla ya askofu. Rais alitembea mbele ya ukuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma, kama anavyokagua mbao. Alitikisa kichwa kwa kukubali mbele ya mitumbwi. Mbele ya samaki aliinama kabisa. Kisha akafika kwa mama yangu.

"Huyu mama wa katikati, iko nafanya nini?"

"Amekaa, papa."

"Naona amekaa. Iko mugonjwa?"

Vijana wa kwaya walicheka.

"Hapana, papa. Anangojea."

"Yesu mwenyewe iko ndani ya maji anavuta, na yeye amekaa? Mikono mutupu?" Aliwageukia wenzake. "Batoto bataangalia hii kila siku ya Mungu. Batajifunza nini?" Kisha akanirudia, na alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya: "Mutoto wangu, ukuta ni muzuri. Muwekee tu kitu mu mikono. Hata wavu ya kushona. Hata lungo. Ni kazi ya nusu saa, mambo itaisha."

Hata ungo. Mjane, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama.

Ilikuwa kweli ni kazi ya nusu saa. Nilijua hata rangi gani. Ungo mdogo, maharage ndani yake, na ukuta ungebaki, na watu wangeuona miaka na miaka. Nilitazama ile mikono yake wazi. Mimi nimekaa nyuma ya ungo maisha yangu yote ili watu wasiniulize, na sijutii, ulinisaidia. Lakini mama yangu alikaa mara moja tu machoni pangu, na hakujificha nyuma ya kitu chochote.

"Hapana, papa," nilisema.

"Hapana nini?"

"Sitamuwekea kitu. Kama hamupendi, rangi nyeupe iko pale sakristia."

Padri alitazama viatu vyake. Nilisikia mtu nje anapiga msumari. Nilidhani, basi, ukuta umekwisha.

Mjane akaingia, anajifuta mikono kwenye kikwembe.

"Papa prezida, samahani. Wewe asubuhi, mbele ya depo yako, wakati mbao haiyafika, unafanyaka nini?"

"Nangojea camion," alisema rais, yaani lori la mbao.

"Unangojea umesimama?"

Vijana walianza kucheka kabla hajajibu, maana mtaa mzima unakijua kiti cha plastiki cha rais, na mahali kinapokaa, na jinsi anavyokaa juu yake.

"Nakaa," alisema.

"Na lungo?"

Kanisa zima lilicheka, na padri akashindwa kujizuia. Rais mwenyewe alijaribu kukunja uso, akashindwa. Alimgeukia tena mama yangu, akamtazama kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, kutoka kichwani mpaka kwenye beseni.

"Basi, muache," alisema. "Mutu akiniuliza, nitasema anangojea camion."

Kwa ile ndoo nyeupe walipaka ukuta wa choo.

Siku ya baraka wadogo zangu wote watatu walishuka Beni. Askofu aliunyunyizia ukuta maji pamoja na kuta nyingine, hakusema lolote kuhusu picha, na mimi sikuhitaji aseme. Baada ya misa mdogo wangu wa kike alikwenda mbele, akapiga magoti, nikadhani anasali. Alikuwa anatazama beseni.

"Iko na kovu," alisema. "Hapa ku mudomo. Ni ile beseni tulikuwa tunaogea ndani."

"Ni yenyewe."

Hakusema kitu juu ya uso. Aligusa ule upande wa beseni uliobaki wazi, pale ambapo mtoto angeweza kukaa, na kidole chake kilirudi kisafi. Kadogo wetu, ambaye sasa ana ndevu, alisimama nyuma yetu. Nilimwuliza kuhusu mawe. Alisema hajui habari ya mawe yoyote, akatazama dari.

Ungo wangu niliuacha kwa mjane. Aliutaka, akisema wa kwake hauna nguvu ya kazi. Nilirudi Butembo kwenye baridi yangu, na kibao cha kwanza kilichonisubiri kilikuwa cha mtu anayeuza magodoro. Nilichora godoro lenye mto juu yake, nikaliacha likauke, na mchana nikatoa kiti nje, nikakaa mbele ya bati. Mikono sikujua pa kuiweka. Mwishowe niliiweka mapajani.

Jirani yangu wa vitunguu alipita. Alisimama.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Niko napumzika."

Alinitazama machoni, akatazama mapajani mwangu, akatazama mlangoni kama kuna mtu ndani wa kumwuliza ukweli. Kisha akaenda. Jioni alirudi na bakuli limefunikwa kwa sahani. Ulikuwa uji wa moto, mzito, wenye maziwa, ule tunaompelekea mgonjwa. Alisema ninywe wote, nisione haya, homa inaanzaka vile.

Nilimshukuru. Niliunywa wote palepale kwenye kiti, nikiwa natazama lile godoro, na kabla uji haujaisha niliona kwamba mto wake nimeuchora mdogo mno.